Ekzosi mpya na mshale wa mafuta

Jumamosi. Asubuhi kulinyunya kidogo, kisha jua likawaka.

Gari la marehemu baba nimelirithi mwezi huu, na jambo la kwanza nililofanya ni kubadilisha ekzosi. Ile ya zamani ilikuwa ikikohoa hata mama, akiwa jikoni, alijua baba amefika njia panda, akaanza kupakua. Fundi wa Malindi, nisimsingizie, aliniambia kitakachobadilika ni sauti. Habari ya mafuta hana hakika nayo. Ni mimi niliyetazama mshale, nikaona wiki nzima haushuki, nikawatangazia shemeji zangu wote kwamba ekzosi mpya haili petroli.

Leo nilikuwa nikimpeleka mama Kilifi, kwenye nikaha ya mjukuu wake wa kwanza. Karibu na Dabaso gari likazima.

"Petroli imekwisha," mama akasema.

"Haiwezekani, mama. Tazama mshale, nusu tangi."

"Mshale huo ulikufa kabla ya babako. Yeye alikuwa akipima kwa kijiti."

Akainama, akakitoa chini ya kiti, kina alama zilizochongwa kwa kisu cha baba. Nikakitumbukiza tangini. Kikatoka kikavu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeifurahia mno ekzosi yako, mwanangu."

Tulipofika, nikaha ilikuwa imekwisha kufungwa. Jioni nyumbani tulikula biriani ya harusi, ishapoa, na mama akasema kwa ekzosi hii hatajua tena lini aanze kupakua.