Mayai ya Kinyonga

Juzi huko Gachoka, shangazi alinionyesha vinyonga wadogo ambao mjukuu wake amewatunza tangu wakiwa mayai. "Aki si ni wazuri!" akacheka. Nilitamani kumwaga chai yake sakafuni.

Mchana mmoja wa utotoni nilikuwa nimechuchumaa jikoni, penye moshi na harufu ya githeri, nikinyunyizia maji mchanga uliofunika mayai yangu mkebeni. Hadithi ya kwetu husema Mungu alimtuma kinyonga atuambie hatutakufa, akajikokota, akachelewa, habari ya kifo ikamtangulia. Niliamini wangu, nikiwafundisha mbio mapema, wangewahi.

Shangazi akaingia. "Huyu ndiye alituletea kifo, na wewe unamlea kwa nyumba?" Akamwaga mkebe wote motoni. Mayai yakapasuka moja moja.

Katika chumba cha pili, mama alikuwa angali anakohoa.