Kuuza Hisa za Kuazima

"Kwa hiyo umeuza hisa za nani?" mama mdogo aliniuliza, pasi ikiwa mkononi.

"Za dalali, mamdogo. Nimeziazima. Bei ikishuka nanunua nyingine kama hizo kwa rahisi, namrudishia, kinachobaki ni changu. Yote leo leo, kabla soko halijafungwa saa tisa."

"Na bei ikipanda?"

"Nanunua kwa ghali."

"Ghali mpaka wapi?"

Niligeukia kompyuta yangu. Hisa haiwezi kushuka chini ya sifuri, lakini kupanda hakuna dari. Jambo hilo nilikuwa nimeligeuza kichwani wiki nzima.

Alicheka. "Chuo miaka minne, kumbe unasomea kuuza vya watu!"

Sikumwambia kwamba hisa zenyewe ni za kampuni yenye kiwanda anachofanyia kazi, kule Fridley, upande wa pili wa jiji. Yeye ndiye aliyenipa wazo, alipolalamika kwamba ovataimu imefutwa na mashine mbili zimefunikwa maturubai. Nikajiambia kampuni inaumwa, bei itaanguka. Nilikuwa nimehitimu, sina kazi, nalala sebuleni kwake Richfield, huku ughaibuni. Nilitaka aone kwamba nilisomea kitu.

Saa nne na dakika kumi habari ikatokea kwenye kompyuta: kampuni inafunga kiwanda cha Fridley kupunguza gharama. Nikangoja bei ianguke. Ikapanda. Wenye hisa walifurahi. Kwao wafanyakazi wale walikuwa mzigo uliotuliwa. Hilo sikuliwaza, mimi ninayewaza kila kitu.

Mamdogo alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, akinyoosha kola ya sare yake. Ningeweza kusema. Badala yake nikabishana na nafsi yangu: ninunue sasa, au ningoje irudi kidogo? Ikapanda tena. Nikangoja tena. Mwishowe nikanunua kwa ghali, nikarudisha nilichoazima, na akiba yangu yote ikaenda. Ndipo nikamgeuzia kompyuta.

Alisoma polepole, mara mbili. Akachomoa pasi.

"Hii imetoka saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi."

Akatazama saa ya jiko. Ilikuwa saa tano kasoro dakika ishirini na tano.

"Ulikuwa unafanya nini?"

Nilimwambia yote, na kwamba hisa nilizouza ni za kampuni hiyo hiyo.

"Dakika ishirini na tano," alisema, "na mimi nimesimama hapa."

Akavaa sare, akatoka kwenda kituo cha basi, saa mbili nzima kabla ya wakati wake wa kwenda kazini.