Mkono wa Loishiye

"Baba mkubwa, mkono wako utaamka lini?"

Naipanoi alikuwa bado mdogo alipouliza hivyo. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama watoto wote wa Kiarusha wanavyoamkia wakubwa, akingoja kiganja cha Loishiye kimguse utosini. Kiganja hakikuja. Mkono wa kulia ulining'inia tu.

Aliyemweleza ni Nashilu, mke wa Loishiye, wakimenya ndizi. Wadachi walipokuwa wakijenga boma, Lemburis, mwenzake Loishiye wa rika moja, aliyetahiriwa pamoja naye, aliangusha jiwe likapasuka. Msimamizi akamkabidhi Loishiye kiboko: mchape. Kumpiga mtu wa rika lako ni sawa na kumpiga ndugu wa tumbo moja. Loishiye akakipokea, kikamponyoka. Mkono ukafa palepale, begani hadi vidoleni. Lemburis akachapwa na askari, kisha akahamia Kikatiti, asirudi.

"Mganga wa misheni alimchoma sindano," Nashilu alisema. "Mwenyewe akaitazama kama inachoma mkono wa jirani. Mfupa mzima, nyama nzima. Watu wanasema anajifanya."

"Na wewe, mama mkubwa?"

"Mkono umelala, tumbo liko macho kila nikipakua, hilo nalijua. Lakini juzi kaa la moto lilimwangukia kiganjani, akajua kwa harufu. Nani anajifanya hivyo?"

"Si aende kwa Lemburis?"

"Anaona haya. Anadhani Lemburis naye anamwita mwongo."

Naipanoi akaingia shule ya misheni, akafundishwa viungo vya mwili. Kila likizo aliuchungulia mkono ule asione kilichopungua.

Mwaka mmoja Lemburis akaja mwenyewe, mvi kichwa kizima, na kibuyu cha maziwa.

"Nasikia mpaka leo haujapona."

"Haujapona."

"Mjinga wewe. Mimi nilidhani uliamka siku ileile." Akaketi. "Na yule askari alichapa kama anakung'uta ngozi. Wewe ungeniua."

Loishiye akacheka. Lemburis akauchukua ule mkono, akaupitisha chini ya shuka lake, akauweka juu ya makovu ya mgongoni.

"Hapa. Hakuna hata moja nililosema ni lako."

Kidole kimoja kikajikunja.

Naipanoi aliporudi likizo iliyofuata, aliinamisha kichwa kwa mazoea tu. Kiganja kikatua utosini, chepesi.

"Uliniuliza utaamka lini," Loishiye alisema. "Mkono ulikuwa unamngoja Lemburis aushike kwanza."