Moto Unawahi

Kwetu sisi mafundi wa pikipiki, kuwahi ni ugonjwa. Kwa watu wengine ni sifa: fulani kawahi swala, fulani kawahi basi. Lakini mteja akinisukumia pikipiki yake gereji kwangu Chalinze, inagonga na kuchemka, nami nikamwambia, "Moto unawahi," anajua nimemtajia maradhi. Cheche ya plagi inaruka mapema, pistoni haijafika juu, petroli inalipuka na kuirudisha ilikotoka. Neno hilo nalisema karibu kila siku. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Pikipiki ninayoikumbuka hapa ilikuwa ya marehemu baba: ya Kiingereza, nzito, ya kuwasha kwa kiki, imenizidi umri. Baba hakuwa na kipimo cha chuma. Alikata kipande cha jalada la daftari, akalikunja katikati, akalipitisha kwenye pointi, vile vidomo viwili vinavyoachana ili plagi ipate cheche. "Kunja mbili," alikuwa akisema. Jalada likipita kwa kukwaruza kidogo, nafasi ni sawa. Vidomo vikiachana mno, moto unawahi. Vikibanana, moto unachelewa. Niliyajua hayo nikiwa nimechuchumaa ubavuni kwake, na riziki yangu yote imetoka kwenye lile jalada.

Baba alipofariki, wazee wakampa kaka yangu ile pikipiki kwa kuwa ndiye mkubwa. Kaka ni mkulima wa Kaole, mtu wa minazi na mihogo. Spana anaishika kama mwiko. Nilikasirika. Sifichi, hasira zangu ziko karibu. Siku ya arobaini, mbele ya watu, nikamwambia, "Kaka, hiyo watatagia kuku. Wewe huiwashi maisha yako." Watu wakacheka wakidhani ni utani. Yeye hakucheka. Tangu hapo tukawa watu wa kupigiana simu sikukuu tu: shikamoo kaka, marahaba mdogo wangu, watoto hawajambo, basi.

Mwaka juzi, ikiwa imebaki wiki moja tusome dua ya baba, ujumbe uliingia kwenye simu yangu. Ulitoka kwa shemeji, mke wa kaka, maana kaka mwenyewe ana kitochi cha kupigia na kupokea tu. Uliandikwa hivi: "Ni mimi kaka yako. Pikipiki ya mzee imewaka. Moto unawahi. Nataka nije nayo kwenye dua. Unasemaje?"

Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo ya oili, nakula chapati. Nikausoma, na moyo ukachemka. Mimi nilisoma hivi: imewaka, tena upesi, haya sema sasa, wewe wa kuku. Mteja yeyote, hata nisiyemjua, hata wa kule Ubena aliyewahi kunitukana, angeniandikia maneno hayo ningempigia palepale nimwambie asiiguse kiki kabla hajapima pointi. Kwa mdomo wa kaka yangu nikasikia majigambo. Nikaitia simu mfukoni bila kujibu. Na niseme kweli, nilijisikia vizuri. Chapati niliimaliza.

Siku ya tatu shemeji akapiga, analia. "Shemeji, kaka yako kavunjika mguu. Kiki imemrudishia."

Nilijua kabla hajamaliza. Kiki ya pikipiki ile, moto ukiwahi, hurudi kwa nguvu zote za injini, na kinachoipokea ni kifundo cha mguu. Nikaufungua ujumbe nikausoma tena. Maneno yalikuwa yaleyale. Kaka alikuwa ananieleza maradhi na kuniomba dawa.

Nilipanda basi la kupitia Lugoba, nikashuka Msata, nikaunganisha hadi Bagamoyo. Nilimkuta hospitalini, mguu wa kulia una plasta hadi juu ya goti.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Akanitazama. "Ujumbe wangu ulikufikia?"

Ningesema ndiyo, ingekuwa aibu ya siku moja. Nikasema, "Haukufika, kaka. Si unaujua mtandao wa kwetu."

Uso wake ukalegea kwa faraja. Akamgeukia mkewe. "Si nilikwambia? Ungemfikia angekuja." Shemeji alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua kichwa, aliendelea kumenya.

Mfupa uliunga vibaya. Kaka anatembea na fimbo, minazi wanamwangulia watu wengine, na akisali anasali ameketi kwenye kiti.

Plasta ilipotolewa nilikwenda kuitazama pikipiki. Niliikuta bandani nyuma ya nyumba, imefunikwa gunia safi. Kuku hawakuwa wametaga. Alikuwa ameisugua kutu yote, amebadilisha waya wa plagi, amesafisha kabureta, kazi nzuri ya mtu asiye fundi. Nilipofungua kopo la vifaa nikakuta kipande cha jalada la daftari. Kilikuwa kimekunjwa mara mbili, yaani tabaka nne. Kaka aliyasikia maneno ya baba kwa mbali, akitoka na jembe lake: kunja mbili. Akakunja mara mbili. Hapo tu ndipo alipokosea. Halafu alisikia injini inagonga, akautambua ugonjwa, akautaja kwa neno lilelile la baba. Alichokosa ni mtu wa kumwambia afanye nini, na mtu huyo alikuwa anakula chapati.

Nilikikunjua kipande mkunjo mmoja, nikapima pointi, nikakaza. Kaka alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mguu ameunyoosha. Nikapiga kiki. Ikawaka mara moja, ikanguruma taratibu, bila kukohoa.

"Mzee huyo," kaka akasema, na macho yakamjaa machozi. Akataka nimpandishe. Nikampandisha, akakaa pale ameshika usukani, pikipiki imesimama kwenye stendi, hadi injini ikapata moto sana nikaizima mwenyewe.

Shemeji alinisindikiza hadi barabarani. Tulipofika kwenye kituo akasema, bila ukali wowote, "Ujumbe ule niliutuma mimi kwa mkono wangu. Zile alama mbili ziligeuka buluu saa ileile. Sijamwambia. Utamwambia wewe." Kisha akaniaga vizuri, akaniambia niwasalimie watoto.

Tangu siku hiyo nimekwenda Kaole mara nne. Kaka haruhusu mwingine apige kiki ile, ananingoja mimi. Naipiga, inawaka, nampandisha, anaisikiliza. Kila mara ananiuliza, "Moto vipi, mdogo wangu?" nami namjibu, "Uko sawa, kaka." Shemeji hupita na ndoo yake ya maji, akasimama kidogo kusikiliza kama nitaongeza neno, halafu akaingia ndani.