Madam Alipokuja Kibuye

Wenzangu mliobeba sanduku la bati kwenda bweni, mnajua mwalimu mkuu alikuwa nani. Wetu, Madam, tulimwita Min Skul, yaani mama wa shule kwa Kijaluo. Ukisikia viatu vyake kwenye korido, hata maharagwe yalikwama kooni. Vijana wa leo wanamtumia mwalimu mkuu ujumbe wa "niaje Madam" kwenye simu. Sisi hata kivuli chake tulikikwepa.

Nikiwa kidato cha tatu nilipata mimba, na miaka hiyo ya themanini msichana mwenye mimba alifunga sanduku lake akaenda. Nikajifungua msichana, nikaanza kumsaidia mama kuuza mitumba Kibuye. Vitabu nilivisukuma chini ya kitanda, nikajiambia basi.

Mtoto alipoanza kutambaa, Jumapili moja soko limejaa, nikamwona Min Skul anakuja na nguo yake ya kanisani. Nikajificha nyuma ya rundo la makoti. Alimsalimu mama, akaketi juu ya gunia, akaomba kumpakata mtoto. Mtoto akamkojolea. Hakushtuka, aliendelea kumbembeleza na nguo imelowa.

"Mama, huyu mdogo ana nyanya yake," alisema. "Huyo aliyejificha bado ni mtoto wangu. Kesho nimuone shuleni."

Mama akasema wenzangu watanicheka.

"Wacha wacheke. Watachoka."

Kesho yake alinipeleka darasani mwenyewe, akavuta kiti nyuma kabisa, akasahihisha madaftari hapo mpaka kengele ya chakula. Hakuna aliyecheka. Nilimaliza kidato cha nne, na leo mimi pia ni mwalimu.

Mwaka jana nilimtembelea kwake, kando ya ziwa. Macho yamefifia. Nilipoanza kumshukuru kwa kunifuata sokoni, alinishika mkono akauliza taratibu, "Soko gani, mama? Wewe ni yule wa Kibuye au yule wa Muhoroni?"

Kumbe tulikuwa wengi. Miaka yote hiyo nilidhani ni mimi peke yangu. Nililia, naye akaniacha nilie.

Siku hizi sheria inamruhusu msichana arudi darasani baada ya kujifungua, na nashukuru. Shuleni kwetu anaandikiwa barua, inapigwa muhuri, inatumwa nyumbani. Wengine hurudi, wengine hawarudi. Enzi zetu alikuja mtu mwenyewe, kwa miguu, akauliza soko zima mpaka akakupata.