Siku Nilipovuka Reli ya Makambako

Juzi nilipita Makambako. Nikasimamisha kitimwendo changu pale njia inapokata reli, nikajikuta nacheka peke yangu. Madereva wa malori wakabaki wananitazama. Wangejua!

Rafiki yangu, mimi nililelewa na bibi, Mjimwema, Njombe. Miguu yangu haikuwahi kunibeba, na nilipopata kitimwendo cha kwanza, nikiwa darasa la tano, bibi alikiogopa kuliko nyoka. Nyumba yetu ilikuwa mteremkoni. Asubuhi ukungu ulitanda hadi mlangoni, jikoni kukinukia makande na moshi wa kuni za miwati, na mimi natamani kutoka. Bibi alinisukuma kila mahali, kaikamata mipini kama mtu anayezuia ng'ombe mkaidi. "Mteremko hauna huruma," alikuwa akisema.

Aliyenifundisha ni mtaalamu wa viungo wa hospitali ya misheni. Alinizoesha kufunga breki zote mbili kabla ya kuhamia kitandani. Alinionyesha kuteremka nikiwa nimeegemea nyuma, viganja vikizuia taratibu ile bangili ya chuma ya kusukumia iliyo kando ya gurudumu, na akanikataza kuning'iniza mzigo mzito mgongoni mwa kiti, kisije kikabinuka. Lakini raha yenyewe ilikuwa kunyanyua magurudumu madogo ya mbele, nikabaki juu ya yale makubwa tu, yeye akiwa nyuma yangu tayari kunidaka. Moyo ulikuwa unapaa! Bibi alichungulia dirishani, akashika kichwa.

Nilipomaliza darasa la saba, shangazi yangu wa Makambako alitaka nihamie kwake nisome sekondari. Bibi hakutaka hata kusikia. "Huko ni malori na reli. Nani atamsukuma?" Tukafunga safari aende akamwambie hivyo ana kwa ana.

Tulishuka stendi, harufu ya mahindi ya kuchoma imejaa kila upande, wapiga debe wanaitana. Tulipofika relini bibi alifuata kijia kilichokata kwa mshazari. Gurudumu dogo likazama kwenye upenyo kando ya chuma. Bibi akasukuma, likazidi kuzama. Mara honi ya treni ikalia.

"Yesu wangu! Jamani, njooni!" bibi akapiga kelele, huku akisukuma.

"Bibi, usisukume! Niachie!"

"Nikuachie?"

"Achia mipini, Bibi!"

Akaachia, akanipisha. Nikaegemea nyuma, nikasukuma mbele kidogo kwa ghafla kama nilivyofundishwa. Magurudumu madogo yakanyanyuka, na kabla hayajagusa chini nikavuta kurudi nyuma, nikavuta tena, hadi tukawa mbali na reli. Nikafunga breki. Treni ikapita ikinguruma, mabehewa mengi mno, upepo wake ukapeperusha kilemba cha bibi. Nikabaki nacheka.

Kulipotulia nikatazama pande zote mbili. Nikaikabili reli uso kwa uso, siyo kwa mshazari tena, nikanyanyua magurudumu ya mbele kila nilipofika kwenye chuma, nikavuka. Nilipogeuka, bibi alikuwa bado ng'ambo, mkono kifuani.

"Kumbe mtoto anaendesha!" akasema, kama anayewaambia watu wote wa Makambako.

Njia yote iliyobaki hakugusa mipini. Alitembea kando yangu, mikono mgongoni, akinisimulia habari za mahindi na mvua kama anayeongea na mtu mzima mwenzake. Shangazi alipofungua mlango, bibi hakungoja hata kukaribishwa. "Kamwene," akamsalimu kikwetu. "Nimekuletea mwanafunzi."

Siku hizi bibi hayupo, na ule mteremko wa Mjimwema umewekwa lami. Watu wema huwa wananivamia barabarani wanisukume, nami nawaambia, "Asante ndugu, uliza kwanza." Wa kunisukuma ni wengi. Aliyejua kupunguza hatua zake ziende sawa na magurudumu yangu, huku mazungumzo yakiendelea, alikuwa mmoja tu.