Baba na Mpira Usiopinda

Baba alipasua mawe kwenye machimbo ya Mlolongo hadi siku jiwe lilipomsaga kidole gumba cha mkono wa kulia. Kidole kilipona kikiwa na fundo kubwa, hakiingii kwenye tundu la mpira wa boling, ule mzito unaobingirishwa kuangusha pini. Kwa hiyo nilipoanza kumpeleka kucheza, katika ukumbi mmoja huku Syokimau ninakoishi, nilimfundisha kutumia mikono miwili: vidole viwili vya kulia ndani ya matundu, gumba nje, kiganja cha kushoto kikiukumbatia mpira. Mtindo huo huuzungusha mpira vizuri. Ukienda kwa kasi ya wastani, unateleza, kisha unapinda karibu na mwisho na kuzifagia pini zote kumi.

Baba hana kasi ya wastani.

Jumamosi moja alirusha mipira mitano mfululizo. Yote ilienda moja kwa moja, ikaangusha pini mbili tatu za pembeni, ikagonga nyuma kwa kishindo hadi watoto waliokuwa na sherehe ya kuzaliwa hapo kando wakageuka.

"Baba, punguza. Mpira haupati nafasi ya kupinda."

"Nimepunguza, mwaitu."

Huniita hivyo, yaani mama yetu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Jina hilo halijawahi kumfanya anitii.

Nikamwambia aushikie mpira kiunoni badala ya kifuani. Akaushusha, kisha akakimbia. Nikamwambia afupishe hatua. Akazifupisha, akaziongeza idadi. Nikamwambia asitumie nguvu za mikono. Akasimama kabisa kwenye mstari wa kurushia, akauachilia mpira, ukajikokota hadi kwenye mfereji wa pembeni.

"Si umesema polepole?"

"Polepole, Baba, si kulala!"

Nilimpigia kelele mzazi wangu mbele ya watoto wa wenyewe. Niliona haya, lakini hasira haikwisha. Nikaenda kukaa. Akanifuata, akifuta mikono kwenye suruali.

"Umechoka na mimi."

"Nimechoka na miguu yako. Mikono haina makosa, ni miguu inayokimbia." Nikafikiria kidogo. "Jumapili ukipeleka matoleo altareni, huwa unakimbia?"

"Nikimbie na divai ya padri?"

"Basi ubebe mpira hivyo hivyo."

Akainuka. Alienda hatua kwa hatua, mabega yametulia, mpira ukabembea nyuma kidogo tu, ukatoka. Uliteleza, ukapinda, ukaziparamia pini katikati. Ikabaki moja. Watoto wakashangilia. Mimi nilipiga makofi hadi viganja vikawasha.

"Umeona? Sasa rudia vile vile, usibadilishe kitu!"

"Nimeshika, mwaitu."

Akachukua mpira, akaitazama ile pini moja, akaanza kukimbia. Nilimwita mara mbili. Mpira uliipita pini bila kuigusa, ukagonga nyuma kwa kishindo. Baba akanigeukia akiwa ametabasamu, akaniuliza kama kasi hiyo ilikuwa sawa.